Tuneli ya Paluku

Butembo, Alhamisi usiku

Amepita tena! Wiki nzima ninahangaika kumfungia njia Paluku, yule mwanafunzi wa chuo anayekuja kwetu cyber, duka la intaneti ninalolisimamia, kupakua filamu. Patron, mwenye duka, amezikataza, kwa sababu zinameza ligne yote, yaani intaneti yetu ya satelaiti. Lakini Paluku anazificha ndani ya tuneli, programu inayofunika anachopakua, na mashine yetu inayochuja kila kinachoingia na kutoka inaziona kama kurasa za kawaida tu.

Leo nilikasirika, nikafunga hata njia ya kurasa zenye kufuli, zile za siri, ambamo tuneli yake hupita. Filamu zikakatika. Nilifurahi kidogo.

Kisha Mama Masika akafika kwa miguu kutoka Musienene, kusoma barua pepe ya binti yake aliye Beni, ambako risasi zinalia tangu Jumapili. Haikufunguka. Barua nazo hupita njia ileile.

"Mashini imekufa, mutoto wangu?"

"Hapana, mama. Ni miye nilifunga."

Nikafungua. Tuneli ikarudi, filamu zikameza ligne, barua ikakwama. Mimi huona haya kusema na wateja, huwa ninajificha nyuma ya mashine, lakini Mama alikuwa ameinamia skrini, habandui macho. Nikaenda hadi kwa Paluku.

"Yaya Paluku," nikamwita kama kaka mkubwa, "simamisha kwanza. Mama iko anangoya habari ya mutoto yake."

"Si ungesema tu, mademoiselle!" Akazima.

Barua ikafunguka. Ilikuwa fupi: "Tuko bazima, tunalala ku kanisa." Mama akaniomba niisome tena, polepole.

Mama hajafika hata barabarani, Paluku akawasha tena tuneli yake. Na mimi sauti yangu ya leo ilikuwa imekwisha.