Rojo Lisilo na Kitunguu Saumu

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na watoto, na yule paka wenu mwizi. Mama pia mfikishie shikamoo zangu, ila barua yenyewe usimpe aisome, na utaona kwa nini. Ningeweza kukupigia simu, lakini najua mama angekaa pembeni akiuliza ni nani huyo na anasema nini, na haya ninayotaka kukwambia hayasemeki namna hiyo.

Mimi ni mzima, ila situlii. Tangu nikae kukuandikia nimeshainuka kwenda kuangalia jiko, nimerudi, nimeandika mistari miwili, nimekwenda tena. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, usidhani nimelewa raha za ndoa. Au dhani tu, maana raha nazo zipo, dada. Zipo mpaka naona haya kuzisimulia kwa mtu aliyenipangusa kamasi.

Mume wangu anaamka kabla yangu ananichemshia maji ya kuoga. Jioni akirudi kutoka gereji nasikia viatu vyake kwenye ngazi, na moyo wangu unaruka kama wa msichana wa shule, hata kama mchana nilikuwa nimemnunia. Ovaroli yake ina madoa ya kila rangi. Nikiangalia mikono yake tu najua leo kapuliza rangi gari jekundu au la bluu. Majirani wa ghorofa ya chini bado wananiita bibi harusi, na mmoja aliniuliza lini nitaacha kucheka peke yangu nikianika nguo. Nikamjibu aniache, nguo zenyewe ni za mume wangu.

Sasa nikueleze lililoanza haya yote. Unakumbuka nilikwambia kuwa mume wangu hali bila kikopo cha chumvi mezani. Alikuwa anamwaga chumvi kabla hajaonja, halafu ndipo anasifu. Niliumia kidogo mwanzoni, kisha nikazoea, kwa sababu sifa zenyewe zilikuwa nyingi mno. Basi tulikwenda kupima afya, muuguzi akamkuta na presha ya juu. Muuguzi yule ni mama mnene mwenye mzaha. Alimwambia kuwa kama anataka kuzeeka na huyu binti mzuri, basi chumvi aiage leo, na mafuta apunguze, ale mboga na maharage. Kisha akanigeukia akasema ladha ya chakula nitaitafuta kwenye kitunguu saumu na limau. Mume wangu alitembea njia nzima akipiga teke vijiwe kama mtoto aliyenyang'anywa mpira. Mimi nilifurahi, nisikufiche. Niliona nimepata kazi ya kumpenda kwa mikono.

Ndipo nikajifunza kutengeneza rojo la kuchovyea. Wewe hujalila bado. Unachoma bilinganya juu ya moto mpaka ganda linaungua na ndani linalegea, unalimenya. Unachemsha maharage meupe uliyoyaloweka mpaka yavunjike kwa vidole. Unakaanga ufuta bila mafuta, unautwanga. Vyote hivyo unavisaga kwenye blenda pamoja na kitunguu saumu na limau, unapata kitu kizito, laini, cha rangi ya maziwa yenye vumbi. Halina yai, halina maziwa, halina mafuta ya kopo, na kwangu halikuwa na hata punje moja ya chumvi. Unakata karoti na matango marefu marefu, mtu anachovya, anakula. Tukaacha kabisa mkate na siagi jioni. Nyumba nzima ilikuwa ikinukia bilinganya la kuchoma na kitunguu saumu, na mimi nikajiona mganga.

Naye alisifu. Kila jioni alisifu, dada, hata niliposahau limau. Wewe unajua sifa zake zina maana gani kwangu. Ilikuwa mezani kwako, siku ile ulipomkaribisha mara ya kwanza, alipouliza nani kapika mboga hizi, ukamwambia ni huyu mdogo wangu, akasema mkono huu yeye hauachi. Mimi nilikuwa mlangoni nimeshika sinia. Watu wengine waliolewa kwa barua na maua, mimi niliolewa kwa sentensi ile.

Jioni moja akaja na rafiki yake wa kazini, fundi bodi wanayemwita Nyundo kwa sababu hajui kusema polepole. Nikawawekea rojo na karoti. Mume wangu akachovya, akafumba macho, akasema leo kitunguu saumu kimekolea haswa. Nyundo naye akachovya, akatafuna, akaniuliza shemeji, kitunguu saumu gani, mbona mimi naona maharage matupu. Nikaenda jikoni kubisha kwa ushahidi, nikakuta kitunguu saumu chote kiko juu ya ubao, kimemenywa, sijakitia. Nilirudi nikicheka, nikamwambia mume wangu kumbe mwenzetu unasifu hata kisichokuwepo. Hakucheka. Nyundo alimtazama, naye akatazama sakafu, kisha wakaanza ghafla kuzungumza habari za gari la mteja.

Kuanzia hapo sikulala vizuri. Nilijiuliza kama ananisifia kama mtu anavyomsifia mtoto aliyechora ng'ombe wa miguu mitano. Na kama sifa za rojo ni za uongo, je, ile ya mezani kwako? Na mengine anayoniambia, yale nisiyoweza kuyaandika hapa? Nikawa namkodolea macho akila. Nikawa naongeza hiki, napunguza kile, nangoja aseme kitu. Alisema tamu. Kila siku tamu. Nilifika mahali nikatamani atupe sahani.

Juzi nilibandika maharage nikashuka dukani kununua limau, nikamwacha anamenya karoti mezani jikoni. Niliporudi, nikiwa bado kwenye ngazi, nikasikia harufu ya gesi. Dada, sijui nilizipandaje ngazi zile. Povu la maharage lilikuwa limefurika likazima moto, gesi inatoka, na mume wangu amekaa hatua mbili kutoka kwenye jiko, anapiga mluzi, karoti mkono mmoja, madirisha yote yamefungwa. Kiberiti kiko mkono wa pili. Alikuwa anataka kubandika maji ya chai ili nikute tayari.

Nilimpokonya kiberiti, nikafunga jiko, nikafunga mtungi, nikafungua madirisha, nikamvuta kwa ovaroli mpaka nje. Jirani wa chini akapaza sauti kuuliza kama bibi harusi keshaanza kupiga. Mume wangu alikuwa ameduwaa, karoti bado mkononi, ananiuliza kuna nini. Si kwa mzaha. Alikuwa hajui kabisa. Hapo nikaelewa kabla hajaanza kunieleza.

Tukakaa kwenye ngazi, akaniambia. Pua yake haifanyi kazi. Ilianza kufifia kabla hatujajuana, miaka ya kupuliza rangi bila barakoa kwenye banda lisilo na dirisha, kisha ikazimika. Hasikii harufu ya rangi, ya mvua, ya sabuni yangu. Chakula kikiingia mdomoni ni kama kutafuna karatasi iliyolowa. Ulimi peke yake unamletea vitu vichache, uchachu, sukari, ukali wa pilipili. Na chumvi. Chumvi ndiyo iliyokuwa ikimwambia kuwa anakula. Dada, fikiria. Mimi nimemwondolea chumvi kwa mapenzi yote, nikambakishia karatasi, naye akala mpaka akasafisha bakuli, jioni baada ya jioni, ili nisihuzunike.

Nikamuuliza ile sentensi ya mezani kwako. Akasema alimwona shemeji anajiongezea mboga mara ya tatu bila kukaribishwa, akajua lazima ni nzuri. Lakini mkono, akasema, mkono alikuwa ameuona mwenyewe ukiweka sinia, na kuhusu huo hakudanganya. Sasa niambie, mtu kama huyu unamfanya nini? Nilitaka kumpiga, nikamkumbatia, na karoti katikati yetu. Nikamwambia kuanzia leo sitaki sifa. Nataka aniambie kilichopo mdomoni mwake, hata kama ni kibaya.

Jana nikasaga rojo upya, laini kabisa kama kawaida, nikaongeza limau na pilipili, nikamwekea mbele. Akachovya. Akatafuna polepole, akanitazama kama mtu anayeomba ruhusa, kisha akasema, mke wangu, pilipili naiona, limau naliona, lakini hii ni sawasawa na puti tunayozibia magari yaliyobonyea. Akaongeza kuwa angeweza kuipiga msasa. Nilicheka mpaka nikashika meza. Sijawahi kufurahi hivyo kutukaniwa chakula. Nikarudi jikoni, safari hii nikaacha blenda, nikaponda maharage kwa mwiko yabaki mapande, nikatia karoti mbichi iliyokatwa ndogo ndogo na ufuta mzima usiotwangwa. Akala, akasema hii inalia mdomoni, meno yanajua yanatafuna kitu. Hakusema tamu. Akachovya tena kabla hajamaliza ya kwanza.

Kesho tunakwenda kwa daktari wa pua. Pengine itarudi, pengine haitarudi, na ndiyo maana leo siwezi kukaa kitini. Nimemwambia kazini avae barakoa, na kiberiti asikiguse nisipokuwepo. Amekubali yote kwa upole ulionitia wasiwasi.

Mama hajui, na nataka asikie kutoka kwa mume wangu mwenyewe, siku atakayokuwa tayari. Nanyi mkija, tafadhali usimwulize chakula kikoje mbele za watu, atadanganya kwa adabu. Na nisamehe, maana sasa unajua kuwa hata ule mchuzi wako wa siku ile, alioulamba wote, hakuusikia ladha. Mpe shemeji salamu, mwambie ulafi wake ndio ulioniozesha. Wabusu watoto.

Nasikia viatu kwenye ngazi. Naishia hapa.

Mdogo wako akupendaye sana,
Bibi Harusi wa ghorofa ya juu