Hati ya Shamba la Masista

Mahongole, Makambako
4 Machi 2024

Mwanangu Anneth,

Kamwene. Hujambo, wajukuu hawajambo, kifua cha mumeo Remmy kimepoa? Mimi mzima, ila magoti. Nakuandikia kwa sababu simu yangu unaikata, na barua haikatwi. Anakuletea Luqmani wa viazi.

Lile shamba la juu, ekari sita, nawapa masista wajenge nyumba yao. Hati nimeiandika mwenyewe, na masharti yake manne: wasikate miti ya peasi, asiyejua kushika jembe wasimpokee, mkuu wao asiwe mtu wa kununa, marehemu baba yako aimbiwe kila Jumapili, ila si zile nyimbo za kuvuta, alikuwa anasinzia. Mtendaji wa mtaa anasema lazima watoto wote wasaini. Kaka yako Filbert alisaini kulekule Wanging'ombe bila hata kusoma. Umebaki wewe.

Mama yako

Mtaa wa Ramadhani, Njombe
9 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, kifua cha Remmy kimepoa.

Hati nimeisoma mara tatu nikidhani macho yangu yana matatizo. Masista? Mama, nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimeshapewa kitambaa cha kichwani, ukaja na baba mdogo Shadrack na pikapu ukanitoa kwa masista haohao, mbele ya wenzangu, nikiwa na ufagio mkononi. Miezi minne baadaye nikawa mke wa Remmy. Remmy si mtu mbaya, lakini sikumchagua mimi. Leo unawagawia shamba na unataka saini yangu. Hati nairudisha, sisaini mpaka uniambie kwa nini.

Na hicho kipengele cha kununa kitoe. Hakuna ofisi itakayopokea karatasi ya namna hiyo.

Mwanao

Mahongole
15 Machi 2024

Mwanangu Anneth,

Marahaba. Nashukuru kusikia mko wazima. Huku mvua nyingi, maharage yanaoza.

Cha kununa sikitoi. Nyumba ya wanawake yenye mkubwa anayenuna haikaliki, mimi nimeishi na mama mkwe. Unauliza kwa nini. Shamba nimelilima peke yangu tangu baba yako afariki, nimechoka, Filbert halitaki na wewe hulitaki. Hayo mengine ni ya zamani, sijui unayafufua ya nini. Nimeongeza sharti la tano, choo kiwe mbali na kisima. Saini basi, mtendaji anakwenda likizo.

Mama yako

Mahongole
2 Mei 2024

Mwanangu Anneth,

Kamwene. Natumaini mnaendelea vizuri, maana sina pa kujulia. Wiki saba kimya. Luqmani anaapa barua alikukabidhi mkononi, ulikuwa unashona, na hati ukamrudishia bila saini. Masista walikuja kuliona shamba nikawaambia binti yangu amesafiri. Nimewadanganya watumishi wa Mungu kwa ajili ya ukaidi wako.

Hati nairudisha tena kwako. Nimeongeza sharti la sita, ndilo la mwisho, na mtendaji ameligongea muhuri. Linasema hivi: "Mzazi akija kumtoa binti aliyekuja hapa kwa hiari yake, geti lisifunguliwe, hata kama mzazi huyo ni Getruda mwenyewe aliyetoa shamba."

Kuongea kama wewe siwezi. Lisome hilo.

Mama yako

Ramadhani
6 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Magoti vipi? Wajukuu wanakusalimia.

Sharti la sita nimelisoma dukani, mteja amesimama anasubiri nimpime gauni, nikashindwa. Nimelia, na nimekasirika kwamba nimelia. Miaka ishirini na mbili nasubiri uniambie kwa mdomo wako, na wewe unakwenda kumwambia mtendaji. Wewe mama unachosha. Unachosha kweli.

Nimesaini. Kipengele cha kununa nimekuachia.

Ila hilo la sita nimelirekebisha kwa kalamu na kusaini pembeni, mtendaji atagonga muhuri mwingine. Kwa wazazi wengine libaki kama lilivyo. Maneno yanayokutaja wewe nimeyakata. Ukija utafunguliwa geti, utakaribishwa chai, utakaa na huyo binti muongee mpaka mchoke. Halafu utaondoka peke yako.

Mwanao Anneth