Adiblu kwenye Madebe ya Bati

Mpendwa mshauri,

Salamu za heshima, na uniwie radhi kwa mwandiko huu, naandika kwa furaha na kwa hofu na sijui ni ipi kati ya hizo iliyoshika kalamu. Mimi ni karani wa stoo katika karakana ya miwani, na mwezi huu tumepata gari jipya, gari refu jeupe la dizeli lenye kiti cha kupimia macho ndani yake na ubao wa herufi ukutani, na Jumatatu linaanza safari ya kwanza kwenda kwenye shule za mbali ambako watoto hawajawahi kupimwa macho, na karani wa kuwaandikisha watoto hao ni mimi. Mama amekwisha kuwaambia majirani wote, hata wale ambao hatusemeshani nao.

Sasa sikiliza yaliyonipata. Gari hili lina matangi mawili, moja la dizeli na jingine dogo la maji ya kusafisha moshi, yale yanayoitwa adiblu, na maji hayo yakikauka, ukizima gari haliwaki tena. Taa ya onyo ilipowaka, dereva wetu, mzee mcheshi tunayemwita Babu Gia, alinituma nikanunue, nami nikachagua madumu ya plastiki yenye lakiri, nikakagua tarehe kwenye kila dumu, nikarudi nayo kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Hapo ndipo utaratibu wetu uliponiponza. Katika stoo yetu kila kitu cha majimaji hukaa kwenye madebe ya bati yanayofanana, yamepangwa mstari mmoja, kila debe na karatasi yake ya jina, spiriti, oili, dawa ya kufutia vioo, ndivyo nilivyofundishwa siku ya kwanza na kusema kweli ndivyo ninavyopenda. Kwa hiyo nikaosha madebe bombani, nikamimina adiblu yote humo, nikaandika jina lake kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Mkurugenzi akapita, akasimama mlangoni, akayatazama yale madebe yanavyong'aa, akasema mbele ya watu wote, "Mtu wa mpangilio kama huu ndiye ninayemtaka kwenye gari." Unaona, mshauri? Nafasi yangu nimeipata kwa madebe yale yale.

Jana nikawa nakusanya madumu matupu ili niyatupe, na ndipo nikasoma maandishi madogo yaliyo chini ya jina. Yanasema dawa hii ikae katika chombo chake, isigusane na bati wala shaba, na uchafu kidogo tu ukiingia unaweza kuharibu mtambo wa moshi. Nikakaa juu ya kreti nikayasoma tena. Kisha nikafungua debe moja nikachungulia, na sikuona kitu, maji ni maangavu kama yalivyokuwa, na hilo ndilo linalonitesa, kwa kuwa pengine hakuna kilichoharibika na ninajitia presha bure.

Babu Gia huniita Profesa kwa ajili ya vyeti vyangu. Jana hiyo hiyo alinigonga bega akasema, "Profesa, Jumamosi nikimaliza kuliosha nalinywesha maji yako. Likikohoa njiani, wewe ndiye utakayelisomea shairi." Nikacheka naye, kisha nikarudi stoo kuyatazama madebe.

Nikisema, mkurugenzi atajua kwamba mpangilio alioupenda ndio ambao ungeliua gari, na kiti changu atapewa mwingine. Nikinyamaza, pengine tutakwenda na kurudi salama, au pengine gari litagoma mbele ya shule, watoto wamejipanga foleni wanalitazama. Nifanye nini? Nikueleze pia kwamba Babu Gia husikiliza kipindi chako cha redio kila Jumamosi akiosha gari, milango wazi, sauti juu, mpaka mimi niliye stoo nakusikia kila neno. Hilo nalijua, na bado barua hii naileta kituoni kwenu kwa mkono wangu.

Wako mtiifu,
Karani Mwoga

*Jibu la mshauri, hewani, Jumamosi asubuhi*

Karani Mwoga, najua unanisikia. Barua yako iko hapa mezani na bado sijaisoma hewani. Wasikilizaji wengine nivumilieni, ninaongea na mtu mmoja na mwenyewe anajijua.

Kwanza, hongera. Kazi uliyopewa ni ya kujivunia, hata mimi ningewatangazia majirani. Lakini acha nikugombeze, mwanangu. Wewe, kwa kazi ya mahali unapofanya, ndiye wa kusoma maandishi madogo baada ya kumaliza? Na usinidanganye kwamba umeniletea swali. Jibu ulikuwa nalo tangu ulipokaa juu ya kreti. Unachotaka ni redio ikusemee, nawe ubaki nyuma ya rafu. Sikusemei.

Sasa haya ni yako na ya kila mwenye gari linalotumia adiblu, nimeyapata kwa fundi ninayemwamini, kwa hiyo hata anayeosha gari saa hii asikilize. Nunua iliyofungwa kwa lakiri na uangalie tarehe. Iache kwenye dumu lake la plastiki, kifuniko kikazwe, ikae kivulini mbali na jua na joto la paa. Usiiongeze maji ya bomba, usiimimine kwa faneli iliyopitisha oili, na Mungu akuepushe usiitie kwenye tangi la dizeli. Ikishagusa bati au shaba, usiihukumu kwa macho, maana uharibifu wake hauonekani. Isiingie garini hata tone. Maduka bado yako wazi, inunuliwe nyingine leo leo.

Kuhusu mkubwa wako: hakupenda bati, alipenda mpangilio, na huo bado unao. Mpigie simu leo, kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Anaweza kukunyima kiti, sikuahidi kwamba hatakunyima. Ila ukinyamaza utakikalia safari nzima ukisikiliza injini badala ya kufanya kazi uliyoililia.

Nina wimbo mmoja hapa, mrefu kiasi. Ukiisha nitaisoma barua yako yote, kuanzia salamu hadi jina. Toka humo ndani sasa, umshike mzee mkono kabla hajafungua kifuniko, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe, ili nikianza kusoma awe anacheka kwa sababu mwisho wake anaujua.

Haya, fundi mitambo, weka wimbo.