Mzigo Niliotoka Nao Siku ya Tetemeko

Aline, mjukuu wangu,

Huku Gihundwe tuko wazima, magoti yangu tu ndiyo yanagoma. Shangazi yako amepata mapacha.

Unaniuliza, kwa ajili ya utafiti wako, tetemeko lile lilidumu sekunde ngapi. Sikuhesabu. Nilikuwa ndani najiandaa kupeleka vitenge sokoni Kamembe, mzigo nimeshaufunga mgongoni kama mtoto, jinsi tulivyobeba sisi wachuuzi. Mlima uliponguruma nilikimbia nje, nikasimama kwenye migomba nikiupigapiga ule mzigo: "Nyamaza, mutoto yangu, itapita."

Papa yako, mwanangu mchanga wa miezi minne, alikuwa bado kitandani.

Mama mkwe wangu ndiye aliyetoka naye, vumbi la ukuta kichwani. Nilingoja matusi. Alifungua vitenge, akamfunga papa yako mgongoni mwangu, akasema, "Sasa beba huyu. Woga inashikaka bantu bote." Hakumwambia mtu jambo hilo hadi kufa kwake.

Sekunde utaziuliza kwa wenye mashine. Mimi, hadi leo ardhi ikitikisika kidogo, mkono wangu unakimbilia mgongoni kumtafuta papa yako, na yeye ana mvi.

Bibi yako anayekupenda