Maji ya Kwemkuyu Yametoa Povu

Baba,

Yametoka! Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua, ungeruka salamu zote ukatafute habari ya maji. Haya, shikamoo sasa. Maji ya Kwemkuyu yametoka, na ni matamu!

Nimefika nyumbani Korogwe mchana huu, tope bado liko kwenye nywele. Mama ananipigia kelele nikaoge, nami nimekaa barazani nakuandikia wewe. Laiti ungekuwepo! Nimelisema hilo tangu tukuzike, mpaka Mama ameacha kunijibu.

Unakikumbuka kisima cha kwanza tulichowachimbia kule, kando ya kanisa. Maji yaliporuka watu waliimba, katekista akashukuru kwa sala ndefu. Wewe ukatoa kipande chako cha sabuni ya mche mfukoni, ukasugua leso. Povu likakataa. Ukasugua tena, nyimbo zikaanza kufifia. Ilikuwa chumvi, Baba, chumvi ile ile ya Handeni inayokata maziwa kwenye chai na kuyafanya maharage yagome kuiva. Ukakunja leso ikiwa mbichi, ukaingia kwenye gari. Hukukanyaga tena Kwemkuyu. Hata harusi ya binti wa katekista ulisingizia mgongo. Mgongo gani, na asubuhi hiyo hiyo ulibeba mabomba ya kupeleka Mashewa?

Sasa vyombo vyako vya kuchimbia nimevishika mimi. Fundi Saidi, rafiki yako, yuko nami, na bado ananiita "mtoto wa Mhina" mbele za watu, ananikera kweli. Mimi ndiye niliyetaka turudi. Katekista alisita, akaniambia, "Dada Eliza, tusije tukawachosha watu bure." Nilikuwa naogopa kuliko yeye. Yangetoka tena ya chumvi, nani angelitaja tena jina lako akitaka kisima?

Safari hii tulishuka bondeni, kwenye shamba la Mzee Athumani. Kamati ya kanisa ikanuna. Kisima cha kanisa kwenye shamba la Mwislamu? Mzee Athumani akawauliza, "Kwani hayo maji yamebatizwa?" Wakacheka, wenyewe wakaanza kushusha mabomba.

Maji yalipotoka, hakuna aliyeimba. Walikuwa wamejifunza! Wote walitazama mikono yangu tu. Nikatoa sabuni, nikasugua, na Baba, povu! Povu mpaka kwenye viwiko! Vigelegele vilivyopigwa pale sijawahi kuvisikia hata kwenye harusi. Saidi akalia, eti vumbi limemwingia machoni, wakati tulikuwa tumesimama kwenye tope tupu.

Tukapanda na ndoo, chai ikapikwa uwanjani pa kanisa, na maziwa hayakukatika. Ndipo Bibi Mwanahawa, yule jirani wa kanisa asiyesikia vizuri, akanishika mkono. Akapaza sauti kama ananiita kutoka ng'ambo ya bonde: "Mwambie baba yako aje anywe chai! Sisi hatukumkasirikia. Chumvi aliiweka yeye? Asione haya, aje!"

Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba umefariki. Katekista akatazama chini. Nikamjibu, "Nitamwambia, Bibi." Akaridhika, akaendelea na chai yake.

Miaka yote ile, Baba. Walikuwa wanakungoja tu.

Wiki ijayo tunapeleka vyombo Kerenge. Sijui chini kuna nini, hakuna ajuaye. Ila nakuahidi, popote nitakapochimba nitarudi kuwasalimu, maji yawe matamu au yawe chumvi, na nikikaribishwa chai nitakaa niinywe.

Lala salama, Baba yangu. Nilimwambia Bibi nitakufikishia, nami nimekufikishia: hawakukukasirikia.

Mwanao,
Eliza