Rimoti Iliyotetemeka

Nyamongo, Jumapili jioni

Vijana wamebishana mchana kutwa kuhusu gemu la kibandani, na mimi nimerudi nyumbani kama gogo.

Mwenye kibanda cha gemu kaleta jipya, la muziki. Unashika rimoti mkononi, unaipunga hewani kama unapiga ngoma, na ngoma inalia kwenye runinga. Vijana waliozoea gemu la mpira hawakulitaka kabisa.

"Gemu gani halina kufungwa?" Chacha akafoka. "Hata ukikosea linakupigia makofi! Turudishie mpira, bwana."

Nesi wa zahanati, yule mgeni kutoka Mbeya, alicheza mpaka kilemba kikamdondoka. Akanipa mimi rimoti. "Kaka, sikia inavyotetemeka kila ukipiga. Hiyo ndiyo raha yake."

Nikapiga. Ngoma ililia. Mkononi, hakuna kitu.

Nikadhani ni mbovu, nikampa Chacha. Chacha huyohuyo aliyeliponda akacheka. "Aisee, inatekenya mpaka kwenye kiwiko!"

Miaka sita nashika drili ya kutoboa mwamba mgodini, inayotetemeka kutwa. Ganzi ya vidole ya asubuhi nimeizoea, huwa nanawa maji ya moto. Lakini hii ya leo ilikuwa saa nane mchana.

"Umeisikia?" nesi akauliza, akiangalia vidole vyangu.

"Nimeisikia." Nikisema ukweli atanipeleka kupimwa, na kazi itaishia hapo. Halafu nyumbani tutakula nini?

Sikuogopa hata kidogo.

Wakati wa kurudi, binti yangu Ghati alinishika mkono tuvuke barabara, maana bodaboda zilikuwa nyingi. Nilipotazama chini ndipo nikajua amenishika.