Mbao za Mlango wa Veronika

Ushirombo, Jumapili, Machi 1953

Mvua imenyesha tangu alfajiri, na sasa jioni bado inanyesha. Nimekaa jikoni kwenye moto. Tereza amelala. Nyumba hii imekuwa kubwa mno tangu mama yake atutoke.

Leo kesi ya Bibi Kabula imekwisha. Ameshinda, na mimi ndiye niliyemtetea. Nilidhani ningerudi nyumbani na moyo mwepesi.

Veronika alitaka mlango wa mbao. Tangu tuoane tumefunga nyumba kwa mlango wa matete, na kila fisi akilia alinitania: "Baba Tereza, kule mgodini unategemeza shimo zima kwa mbao, na mkeo unamfungia kwa matete!" Basi nilipopata likizo nikapasua gogo la mninga mchanga, moyo wake mwekundu mwembamba na sehemu nyeupe pana pembeni. Mbao nikazipanga kibandani nyuma ya nyumba, juu ya mawe zisiguse udongo, na kati ya mbao na mbao nikaweka vijiti ili upepo upite. Kisha nikarudi Geita kazini.

Homa ilimchukua upesi. Nilifika kaburi limeshafukiwa.

Siku ya kuondoa matanga tulifungua turubai lililofunika mbao. Zile sehemu nyeupe zote zilikuwa na michirizi ya bluu iliyokoza, kana kwamba mtu amemwaga wino. Shemeji yangu Agnesi, mdogo wake marehemu, akapiga yowe. "Hiki ndicho kilichomla dada yangu!" Akasema alimwona jirani yetu, Bibi Kabula, akiingiza mikono chini ya turubai. Kufikia jioni kijiji kizima kilikuwa kimeshajua mchawi ni nani, na kesi ikapelekwa kwa mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu. Angepatikana na hatia, bibi wa watu angefukuzwa na nyumba yake ingechomwa.

Mimi nilijua ni ukungu. Mbao zilikuwa zimebanana, hazina kijiti hata kimoja katikati. Vijiti nilivikuta humu jikoni, vimefungwa vizuri kwa kipande cha kanga ya Veronika.

Alivitoa mwenyewe. Kibanda kilivuja, naye akazitunza mbao zangu kama anavyotunza mtama: akazishindilia zisiache nafasi, akazifunika gubigubi. Kuni zote zilikuwa mbichi masika haya, na vile vijiti vikavu hakuvitia motoni. Alijua ni vyangu.

Hilo ndilo linaloniliza.

Sikutaka kumtaja. Nikamwomba mwanangwa siku chache, nikakata vipande viwili vibichi vya mninga, upande mweupe, mbele ya watu. Kimoja nikakining'iniza barazani kwake, penye upepo. Cha pili nikakifunga katika turubai lililolowa, nacho kikakaa palepale machoni pake.

Leo baada ya misa tumekifungua. Kile cha barazani ni cheupe vilevile. Kile cha turubai kimeingia bluu.

Nikawaeleza kuwa ni ukungu, ndugu yake ule unaoota kwenye viatu vya ngozi wakati wa masika. Unapenda unyevu na joto mahali pasipo na hewa. Hauli nguvu ya ubao, unachafua rangi tu, na moyo mwekundu wa mninga hauugusi. Mgodini huchovya mbao katika maji ya dawa siku ileile zinapopasuliwa. Sisi dawa yetu ni upepo, na kukata mti kiangazi.

Nilidhani imetosha. Mwanangwa akauliza, "Basi aliyezifunika ni nani?"

Bibi Kabula akatazama chini. Angeweza kujiokoa kwa neno moja tangu siku ya kwanza, asiseme. Mikono yake Agnesi aliiona kweli: alikuwa akimsaidia Veronika kunyanyua mbao.

Nikatoa kile kitita cha vijiti, nikakiweka mbele yao. "Ni mke wangu," nikasema.

Agnesi alikitambua kipande cha kanga, akaanza kulia. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Kumbe marehemu mwenyewe ndiye aliyeharibu!" Wengine wakacheka, cheko la watu walioondokewa na hofu. Siwalaumu. Lakini wamemcheka Veronika, naye hayupo awajibu. Angekuwapo wangejuta.

Njiani Bibi Kabula alinishika mkono. "Ng'wana wane, mwanangu, maiti hasemwi. Mimi ningehama tu."

"Mayu, mama yangu, yeye mwenyewe asingekubali uhame," nikamwambia. Tukaendelea kutembea mvuani.

Agnesi anataka niuze mbao hizi, au nizipige randa mpaka bluu iishe. Nimejaribu pembe moja. Rangi imezama ndani, nitamaliza ubao kabla haijaisha. Na hata ingekuwa juujuu tu, sitaki.

Kesho nitazipanga upya kwa vijiti vyake zimalizie kukauka. Kiangazi kikifika nitaunda mlango, na bluu yake yote. Tereza akikua na kuniuliza kwa nini mlango wetu una michirizi, nitamwambia mama yake aliufunika usinyeshewe.